Clarens: Kijiji Kilichopewa Jina la Ugenini

Kila ifikapo Pasaka jiji letu la Johannesburg hubaki kama mji uliohamwa. Wenye kwao Limpopo huelekea Limpopo, wa Eastern Cape hupanda mabasi ya usiku, na sisi ambao kwetu hakufikiki kwa mapumziko ya siku nne hubaki tukitazamana. Ndiyo maana baadhi yetu, familia chache za Watanzania na Wakenya waliojichanganya nasi, tulizoea kuchangishana na kukodi nyumba huko Clarens, jimbo la Free State, safari ya takriban kilomita 300 kutoka hapa. Watoto hupanda farasi, akina mama hulalamikia baridi, na akina baba huchoma nyama na kubishana siasa za nyumbani hadi usiku wa manane.

Safari hii ya mwisho tulikwenda na jambo zito mfukoni. Wanne kati yetu ni watoto wa ukoo mmoja wa Marangu, mkoani Kilimanjaro. Wiki mbili kabla ya Pasaka baba mdogo, ambaye ndiye anayetunza kihamba cha babu, alitutumia habari kwamba kampuni moja ya utalii inataka kununua nusu ya juu ya kihamba hicho ijenge hoteli ya wapanda mlima. Alitaka jibu. Tukaona tukalizungumzie hukohuko Clarens, kwenye utulivu. Hatukufikiri kwamba kijiji chenyewe kingekuwa na la kusema.

Kwa wale ambao hawajafika, Clarens ni kijiji kidogo chini ya milima ya Maluti, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha lango la Marangu pale wapanda mlima wanapoandikishwa. Katikati pana kiwanja cha majani chenye miti mikubwa, na kukizunguka ni maduka ya picha za kuchora, migahawa, na nyumba zilizojengwa kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya asali. Mwezi wa Aprili majani ya miti ya popla hugeuka manjano na mlima wote ukawa kama umewashwa taa. Ijumaa jioni magari yenye namba za Gauteng hujaa, na Jumapili alasiri yameshaondoka. Jumatatu asubuhi unaweza kulala barabarani usigongwe na mtu.

Jina lake ndilo lililotuvutia kwanza, maana si la Kisotho wala si la Kikaburu. (Wasomaji wenye asili ya Kiafrikana watuwie radhi, ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuwaita, na ulimi umekataa kubadilika.) Clarens ya asili iko Uswisi, kando ya ziwa Geneva, karibu na mji wa Montreux. Huko ndiko alikofia Paul Kruger, rais wa mwisho wa Jamhuri ya Transvaal, tarehe 14 Julai 1904. Alikuwa ameikimbia nchi yake mwaka 1900 majeshi ya Waingereza yalipoingia Pretoria, akashuka hadi Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, na malkia wa Uholanzi akamtumia meli ya kivita iitwayo Gelderland. Meli hiyo ilipanda na bahari yetu ya Hindi kwenda Suez, kwa hiyo mzee huyo mwenye sharubu za taya, aliyewakataza Waafrika kutembea kwenye njia za waenda kwa miguu, alipita mbele ya pwani ya Waswahili akiwa mkimbizi. Alishukia Marseille, akahangaika Ulaya akitafuta wa kumsaidia, hakumpata. Mwili wake ulirudishwa na kuzikwa Pretoria tarehe 16 Desemba 1904.

Hapo tulisimama kidogo katika mazungumzo yetu. Jumuiya hii imechangisha nauli za majeneza mara nyingi kuliko ilivyochangisha harusi, na tunajua kusafirisha maiti ni kazi gani. Lakini hatujawahi kusikia watu wakichukua jina la mahali alipofia ndugu yao ugenini na kulipandikiza nyumbani. Makaburu walifanya hivyo mwaka 1912, miaka minane baada ya kifo chake, walipokata viwanja katika mashamba mawili na kuanzisha kijiji. Kwa nini hapo? Kwa sababu Kruger alikuwa amepigana katika milima hiyo, katika vita vya Free State na Wasotho vya mwaka 1865.

Na Clarens ile ya Uswisi, kabla Kruger hajaenda kufia huko, ilikuwa tayari kijiji cha wageni. Jean-Jacques Rousseau aliiweka katika riwaya yake ya mapenzi ya mwaka 1761, na wasomaji wake wakaanza kusafiri kutoka nchi mbalimbali kwenda kuangalia mahali ambapo wapenzi wasiokuwapo walitembea. Mwanamuziki Tchaikovsky alitungia huko mwaka 1878. Katika mwaka uleule wa 1912 Stravinsky naye alikuwa hukohuko akiandika muziki uliokuja kuzua fujo Paris. Kwa hiyo waanzilishi wa Clarens ya Free State, wakulima wacha Mungu waliotaka kumuenzi rais wao, walikipa kijiji chao bila kukusudia jina la mahali pa starehe za matajiri, nacho baada ya miaka mingi kikalifuata jina.

Sasa tuiangalie ardhi yenyewe, maana mtu hukata viwanja katika ardhi aliyoipata kwa namna fulani. Kabla ya vita vile, Wasotho wa Mfalme Moshoeshoe walikuwa wakilima na kulisha ng'ombe pande zote mbili za mto Caledon, ambao wao huuita Mohokare. Makaburu wa Free State walipigana nao kwa vipindi kuanzia mwaka 1858, na mbinu yao kubwa katika vita vya miaka ya 1860 ilikuwa kuchoma mazao na kuteka mifugo. Moshoeshoe, alipoona anaishiwa, aliomba ulinzi wa Waingereza, wakaitwaa nchi yake mwaka 1868. Mwaka uliofuata mpaka ukachorwa, na mto ukawa ukuta. Ardhi nzuri ya mahindi na ngano, ng'ambo ya mto, ikabaki kwa makaburu. Wasotho wakabaki na milima. Ndiyo Lesotho unayoiona leo kwenye ramani, nchi iliyozungukwa na nchi moja pande zote.

Makaburu nao zamu yao ilifika. Kati ya Clarens na Fouriesburg kuna kilima kiitwacho Surrender Hill, Kilima cha Kusalimu Amri, ambako mwishoni mwa Julai 1900 Jenerali Prinsloo alijisalimisha kwa Waingereza pamoja na wanajeshi zaidi ya 4,000. Risasi na baruti zao zilichomwa moto papo hapo. Baada ya hapo Waingereza wakachoma mashamba ya makaburu kama makaburu walivyokuwa wamechoma ya Wasotho, na wanawake na watoto wakaswagwa makambini, weupe mbali na weusi mbali. Kuhusu kambi za weusi watu hawazungumzi sana Clarens.

Mwaka 1912 una mambo. Tarehe 8 Januari mwaka huo, katika jimbo hilohilo, mjini Bloemfontein, kilianzishwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Sababu moja kubwa iliyowaharakisha waanzilishi ni tetesi za sheria ya ardhi, nayo ikapita kweli mwezi Juni 1913 na kuwatengea Waafrika takriban asilimia 7 ya nchi. Free State ndiko ilikouma zaidi, kwa sababu wengi walikuwa wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Sheria ilitaka wawe vibarua au waondoke. Sol Plaatje alizunguka kwa baiskeli akawaona njiani na mifugo yao inayokufa, akaandika kitabu. Kwa hiyo viwanja vya Clarens vilipokuwa vikiuzwa, Msotho aliyekuwa akiishi mlima huohuo hakuruhusiwa kununua hata kimoja, na mwaka uliofuata alikatazwa hata kulima kwa ubia.

Yaliyofuata tutayapita haraka. Kwa miongo mingi Clarens kilikuwa kijiji cha usingizi, chenye kanisa, wakulima wastaafu na wavuvi wa samaki wa mtoni. Hifadhi ya Golden Gate, yenye majabali mekundu, ilianzishwa jirani mwaka 1963. Mbele ya hifadhi, kwenye barabara hiyohiyo, serikali ya ubaguzi ilijaza watu waliofukuzwa mashambani katika kile ilichokiita nchi yao, QwaQwa. Hata leo ukitoka Clarens kwa gari unapita majabali mazuri ajabu, halafu unateremka Phuthaditjhaba, mabati mpaka upeo wa macho. Watalii wengi hugeuzia gari kabla ya hapo.

Wachoraji walikuja kwa ajili ya mwanga wa jioni na bei nafuu ya nyumba. Nyuma yao wakaja wanunuzi wa picha, nyuma ya wanunuzi wakaja wenye migahawa, na mwisho wenye fedha za Johannesburg waliotaka nyumba ya pili. Hakuna waziri aliyekaa akapanga. Waafrika wanaokihudumia kijiji wanaishi pembeni, katika makazi ya Kgubetswana, nyumba ndogo za serikali na vibanda vya bati, ambayo mtalii anaweza kuja mara kumi asiyaone.

Tuliyaona kwa sababu ya bomba. Bomba la maji moto la nyumba tuliyokodi lilipasuka Ijumaa Kuu usiku (wahandisi tulikuwa wawili, tukashindwa wote wawili, na wake zetu hawatasahau), ikabidi aitwe mshika funguo. Akaja mzee wa makamo, amejifunika blanketi la Kisotho, akafunga maji kwa dakika tatu. Tulimwita Ntate, kama adabu ya huku inavyotaka, tukamkaribisha nyama.

Kumbe ni mwashi wa mawe. Baba yake alichonga mawe, yeye alijifunza kwa baba yake. Alituzungusha ukutani na tochi akituonyesha: "Hii ya zamani ni jiwe kutoka nje mpaka ndani, nusu mita. Hii mpya ni tofali, jiwe ni nguo tu." Alibisha kwa kidole na kweli sauti ilikuwa tofauti. Mawe ya kweli siku hizi ni ghali, alisema, na wenye nyumba hawakai muda wa kutosha kuusikia ubaridi. Mwenye nyumba hii huja labda mara nne kwa mwaka. Alitoa mfukoni mzigo wa funguo akauweka mezani. Nyumba tisa. Yeye mwenyewe analala vyumba viwili Kgubetswana na watu saba.

Tulimweleza habari ya kihamba chetu, kwa Kiingereza na Kizulu chetu cha kuungaunga, naye akawa anajibu kwa Kisotho na Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutushauri kitu. Aliuliza tu, baada ya hoteli kujengwa, funguo atashika nani. Mmoja wetu akajibu haraka, vijana wa kwetu watapata kazi. Mzee akatikisa kichwa kwa upole, akasema ndiyo, kazi ipo, hata yeye anayo.

Kesho yake tuliwapeleka watoto kuona maji. Hili ni jambo ambalo kila mkaazi wa Johannesburg angepaswa kuliona walau mara moja. Jiji letu lilianza mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, juu ya kigongo kisicho na mto wowote wa maana, na tangu hapo limekuwa likiyafuata maji mbali zaidi na zaidi. Mwaka 1986 serikali ya ubaguzi ilitia saini mkataba na utawala wa kijeshi wa Lesotho. Bwawa la Katse, ukuta wa mita 185, likakamilika mwaka 1996. Kutoka hapo maji hupita handaki la kilomita 45 chini ya milima hadi Muela, huzungusha mitambo ya megawati 72, kisha huingia handaki la pili la kilomita 37, yanapita chini ya mto Caledon, chini ya ule mpaka uliochorwa baada ya vita, na kutokeza nje kidogo ya Clarens katika kijito kiitwacho Ash. Kutoka hapo hutiririka yenyewe mto hadi mto mpaka bwawa la Vaal, na mwishowe kwenye bomba la jikoni kwako. Mradi ulizinduliwa rasmi Januari 1998. Septemba ya mwaka huohuo majeshi ya Afrika Kusini yalipoingia Lesotho, moja ya sehemu za kwanza walizozishika ni bwawa la Katse, na watu waliuawa pale. Mwaka 2002 mkuu wa zamani wa mamlaka ya mradi alihukumiwa kifungo kwa kupokea rushwa za makandarasi. Maji yanapita safi kabisa.

Kijito cha Ash hakikuumbwa kwa mzigo huo. Mara maji yalipoanza kuja, kitanda cha mto kilichimbika na kingo zikaporomoka, ikabidi zijengwe kuta za zege za kupunguza kasi. Sisi tuliosomea mambo haya ughaibuni tulifundishwa kuhesabu nguvu ya maji yanayotoka. Kumhesabu anayeishi yanapopita hakukuwamo katika mtihani. Lakini utalii haulazi damu: kwa kuwa maji hayapungui hata kiangazi, wakazuka wenye maboti ya mpira, na leo watoto wa Johannesburg hulipa fedha nzuri kuelea juu ya maji ya kuogea ya wazazi wao. Oktoba 2024 handaki lilipofungwa kwa matengenezo yaliyopangwa kuchukua miezi sita, hapa mjini tulianza kujaza ndoo kwa hofu, ingawa ukweli ni kwamba mabomba yetu chakavu humwaga mengi kabla hayajatufikia.

Mtoto mmoja aliuliza kama maji haya ni kama mfongo wa kwa babu. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji. Wachaga walichimba mifongo kutoka makorongo ya juu ya Kilimanjaro zamani, kabla ya Mjerumani, kwa macho tu na maji yenyewe kama kipimo, ikizunguka miteremko kwa mwinamo mdogo hata ukitazama unadhani maji yanapanda. Kila mfongo una ukoo ulioanzisha, una siku ya kazi ya pamoja, una zamu. Anayeruka zamu anajulikana kabla ya jioni. Marangu yenyewe, wazee husema, maana yake ni mahali penye maji mengi.

Na Marangu imekuwa kijiji cha wageni tangu Hans Meyer alipopokelewa na Mangi Marealle na kufika kileleni Oktoba 1889. Wageni walikuja wakapewa wapagazi, lakini kwa miaka mingi kilichotulisha ni kahawa. Ushirika wa KNCU, wa mwaka 1933, ndio uliojenga shule na kusomesha wengi wetu. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, watu wakaanza kung'oa mibuni, na vijana wakageukia mlima. Hapo ndipo kihamba, ambacho desturi humwachia kitindamimba pamoja na makaburi yake, kilipoanza kutajwa kwa bei.

Jumapili usiku tulifanya hesabu kama wahandisi. Fedha iliyotajwa ilikuwa nzuri, hatufichi. Baba mdogo anahitaji matibabu, paa la nyumba ya bibi linavuja, na wawili kati yetu wameshachukua paspoti ya Bondeni, na Tanzania hairuhusu uraia pacha, hivyo kwa sheria yetu hao si raia tena. Upande wa pili, wapanda mlima wengi siku hizi hupita Machame na Lemosho, wakilala Moshi au Arusha. Hoteli ikikosa wageni miaka kumi ijayo, aliyeuza harudishiwi. Tukakubaliana kukodisha kwa miaka, tusiuze, na sharti la ajira liandikwe.

Jumatatu asubuhi tukapiga simu, spika wazi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba wanangu. Huko baridi?"

Tukamweleza yote: miaka, malipo, vifungu. Alinyamaza muda mrefu mpaka tukadhani mtandao umekatika.

"Nimesikia," akasema. "Mchoro wao mjukuu amenionyesha kwenye simu yake. Mfongo uko wapi?"

Tukaufungua mchoro kwenye kompyuta. Tulikuwa tumeukagua mara tatu: misingi, maji taka, maegesho ya magari. Mahali mfongo unapoingia kihambani, chini ya mringaringa wa babu, palipakwa rangi ya buluu. Lilikuwa bwawa la kuogelea.

"Zamu yetu ni Jumatano," baba mdogo aliendelea, "lakini Alhamisi maji ni ya watu wa chini. Waulizeni hao wenye hoteli, Alhamisi itapita wapi."

Tumewaandikia. Mchoro mpya haujafika.